Seneti au Baraza la Wawakilishi hapa Minnesota: ukitaka kugombea uchukue fomu ya wapi?

Shemeji yangu ni nesi wa usiku, uraia ameupata juzi juzi tu, na sasa siasa imemwingia kichwani. Alinipigia Jumapili baada ya kanisa akaniambia, "Mimi nataka kuwa seneta." Nikamuuliza, seneta wa wapi shemeji, wa bunge la taifa kule Washington au wa bunge la jimbo hapa St. Paul? Akanyamaza. Sio kosa lake, sisi tuliokulia Kenya tukisikia neno seneta tunaona mtu wa kaunti nzima, mmoja kati ya wale 47 wa kuchaguliwa, msafara wa magari na viti vya mbele kwenye matanga. Seneta wa jimbo la Marekani ni kitu kingine kabisa, na yule mwenzake wa Baraza la Wawakilishi ambaye watu wengi hata jina lake hawalijui wakati mwingine ndiye mwenye kiti kizuri zaidi cha kuanzia. Kwa hivyo nimekaa nikaandika hii, maana shemeji si wa kwanza kuniuliza, na mwisho nitagusa Texas kwa sababu binamu yangu wa Houston naye ameanza.

Tuanze na ukubwa. Minnesota imegawanywa maeneo 67 ya Seneti, halafu kila eneo la Seneti linakatwa katikati vipande viwili, A na B, hivyo ndivyo wanavyopata viti 134 vya Wawakilishi. Ukisikia 38A basi jua ni nusu moja ya eneo la Seneti namba 38, jirani yake ni 38B, na wote wawili wana seneta mmoja. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 5,706,494 jimbo zima, ukigawa unapata kama watu 42,600 kwa mwakilishi na kama 85,200 kwa seneta. Yaani seneta wa hapa anawakilisha watu wachache kuliko wabunge wengi wa Kenya! Shemeji aliposikia hiyo hamu ya useneta ilipungua kidogo, nikamwambia ngoja, bado.

Jambo ambalo watu wengi hawalipigii hesabu ni kalenda, na mimi naona hiyo ndiyo inaamua zaidi ya kitu kingine chochote. Mwakilishi anachaguliwa kila miaka miwili, miaka yote ya shufwa, rahisi, hakuna cha kukariri. Seneta ni miaka minne ila si kila mara. Kwa sababu mipaka inachorwa upya kila baada ya sensa, wameweka muhula mmoja mfupi wa miaka miwili kila muongo, wenyewe wanasema mbili-nne-nne. Kwa hiyo viti vyote 67 vya Seneti viligombewa 2022, vinagombewa tena 2026, halafu vinalala hadi 2030, na atakayeshinda 2030 anakaa miaka miwili tu kisha 2032 anarudi kwa wananchi akiwa na mipaka mipya. Hakuna mambo ya nusu sasa nusu baadaye kama Texas, hapa ni wote kwa mpigo. Ukikosa 2026 ukitaka Seneti ni kusubiri miaka minne (labda mtu afariki au ajiuzulu waitishe uchaguzi mdogo), lakini Wawakilishi unarudi 2028 ukiwa bado una moto na wapiga kura bado wanakumbuka sura yako. Kwa mgeni wa siasa kushindwa mara ya kwanza ni kawaida, sasa jiulize unataka kusubiri miaka mingapi ndio ujaribu tena.

Upande wa pili wa hiyo hiyo shilingi ni kwamba mwakilishi haishi kwa raha. Anaapishwa Januari, anafanya kikao kimoja kirefu cha bajeti, anapumua kidogo, na kabla hajajua milango yote ya bunge ameshaanza kampeni tena. Seneta wa muhula wa minne anaweza kukasirikiwa mwaka wa kwanza na akasamehewa kufikia wa nne. Hilo lina uzito wake, hasa kwa kura ngumu.

Sasa miguu. Siasa ya hapa ni kubisha milango, hakuna kugawa unga na leso, hakuna lori la spika barabarani. Piga hesabu ya haraka nami, chukulia tu kila nyumba ina watu watatu: eneo la Wawakilishi linakuwa na milango kama elfu kumi na nne, la Seneti elfu ishirini na nane. Ukiweza milango sitini kwa jioni moja, na hiyo ni jioni ya mtu mwenye viatu vizuri, Wawakilishi ni jioni kama 240 na Seneti ni kama 470. Ndio, najua hubishi mlango wa kila mtu, unachukua orodha ya wapiga kura unachagua, lakini uwiano haubadiliki, ni mara mbili. Na kwa mtu wa shifti ya usiku kama shemeji, hizo jioni atazitoa wapi? Pesa vilevile, vipeperushi mara mbili, stempu mara mbili. Ila ada ya fomu yenyewe haina tofauti, ni dola 100 kwa wote wawili, na kama huna unaweza kupeleka sahihi 500 badala yake.

Umri pia ni sawa, miaka 21 kwa Seneti na kwa Wawakilishi, uwe raia mwenye haki ya kupiga kura, umeishi Minnesota mwaka mmoja na katika eneo lako miezi sita kabla ya uchaguzi. Hii ya miezi sita nitarudi kwake mwisho maana imeshaua ndoto ya mtu.

Kabla ya fomu kuna chama. Wengi wetu tunasubiri hadi Agosti kwenye kura ya mchujo, wakati mambo yameshapikwa Februari. Mwaka wa uchaguzi mapema vyama vinafanya mikutano ya mtaa kwa mtaa, wanaita kokasi, watu wachache tu wanakaa kwenye darasa la shule jioni ya baridi kali wanachagua wajumbe, na hao wajumbe ndio wanaenda kwenye mkutano wa eneo la Seneti kuamua chama kimuunge mkono nani. DFL, yaani Democratic-Farmer-Labor, hao ndio Democrats wa huku na hilo jina la wakulima na wafanyakazi wanalo tangu 1944, wanataka upate asilimia 60 ya wajumbe. Uzuri ni kwamba mkutano huo unapangwa kwa maeneo ya Seneti, kwa hiyo mgombea wa Seneti anashughulika na wajumbe wote wa A na B, na wa Wawakilishi anashughulika na nusu yake tu. Familia kumi na tano za kanisa moja zikijitokeza kokasi zikakaa hadi mwisho wanaweza kutikisa upande wa A, kutikisa eneo zima la Seneti inabidi uwe na watu kwenye misikiti, makanisa, vyama vya wafanyakazi na kwa wazee wa Kinorwe wanaokuja na biskuti zao wenyewe. Nimekaa kwenye hivyo vikao, watu wetu huondoka saa mbili usiku wakidhani imeisha, kumbe kura ya wajumbe inapigwa saa mbili na nusu.

Mchujo wenyewe unafanyika Jumanne ya pili ya Agosti. Ndio, ni ile ile ya uchaguzi mkuu wa Kenya, na mwaka 2022 zote mbili ziliangukia tarehe 9 Agosti, nakumbuka nilienda kupiga kura ya mchujo Brooklyn Park simu ikiwa mfukoni inanguruma matokeo ya Bomas ambayo hayajaanza hata kuingia.

Kazi yenyewe ikoje? Muda ni sawa kwa wote, wanaingia Januari mwaka wa witiri na mwaka wa shufwa wanaanza Februari hivi, katiba inawabana wasizidishe siku 120 za kikao ndani ya miaka miwili na wasipite Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei. Mwaka wa witiri ni bajeti ya miaka miwili, wa shufwa mara nyingi ni mikopo ya ujenzi, barabara, mabomba ya maji, majengo ya vyuo. Wakishindwa kuelewana hadi Mei, gavana peke yake ndiye mwenye uwezo wa kuwarudisha kwa kikao maalum, na ikifika Julai mosi bila bajeti ofisi zinafungwa kama ilivyotokea 2011, siku 20 nzima, hata bustani za jimbo zilifungwa. Mshahara nao hauna seneta wala mwakilishi, uliwekwa dola 51,750 mwaka 2023, hawajipangii wenyewe siku hizi, kuna baraza la mishahara ambalo wananchi walilipitisha kwa kura 2016, na juu yake kuna posho ya siku. Kwa nesi huo ni mshahara wa kushuka. Wabunge wengi wana kazi nyingine, kwa hiyo kabla hujamwambia mtu yeyote nenda kaongee na bosi wako kuhusu Januari hadi Mei, kila siku, mchana, St. Paul. Shemeji hapo aliguna.

Sasa nguvu. Miswada ya kuongeza kodi lazima ianzie kwa Wawakilishi, na wao ndio wanaofungua mashtaka ya kumng'oa kiongozi, Seneti inakaa kama mahakama. Lakini Seneti ina kitu ambacho Wawakilishi hawana, nacho ni kuthibitisha watu wa gavana. Na usidhani hilo ni jambo la karatasi tu, mwaka 2020 Seneti ikiwa mikononi mwa Republicans iliwakataa makamishna wawili wa gavana Tim Walz, hao ni kama mawaziri wake, wa kazi mwezi Agosti na wa biashara Septemba, wakafunga virago siku hiyo hiyo. Kama unachotaka ni kuwashika shati watu wa wizara, wale wanaosimamia leseni na makao ya wazee ambako nusu ya jamii yetu inafanya kazi, Seneti inakupa meno zaidi. Tena Seneti ina watu 67 tu, na tangu uchaguzi wa 2022 Democrats walikuwa na 34 kwa 33, hapo seneta mmoja akisema hapana mswada unakwama na simu yake haipoi. Nakubali, hili ndilo pointi kubwa la Seneti.

Ila Wawakilishi nao walituonyesha sinema yao. Uchaguzi wa 2024 uliwaacha 67 kwa 67, sare kabisa, Januari 2025 Democrats wakasusia bunge karibu wiki tatu ili akidi isitimie, Republicans wakachagua spika hivyo hivyo, Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema akidi ni 68 na waliyofanya hayahesabiki, ndipo Februari wakakaa chini wakagawana madaraka na Lisa Demuth akawa spika. Na katika hiyo sare kulikuwa na kiti cha 54A kule Shakopee ambacho kiliamuliwa kwa kura 15 baada ya kuhesabu upya, huku kura 20 zikiwa zimepotea bila kuhesabiwa na kesi ikaenda kwa jaji. Kura kumi na tano! Hiyo ni meza mbili za harusi. Kwenye eneo dogo watu wako hata wakiwa wachache wanaweza kuwa tofauti yote, ndiyo maana mimi naegemea huko.

Siwezi kupita bila kusema lile la tarehe 14 Juni 2025. Melissa Hortman wa Brooklyn Park, aliyekuwa spika wa Wawakilishi kuanzia 2019 kabla ya Demuth, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe, na usiku huo huo seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi wakaponea. Mmoja Wawakilishi, mwingine Seneti, hapo hakuna cha kulinganisha. Ongea na mwenzako nyumbani kabla ya kujaza chochote, na muulize kama yuko tayari watu wajue mnapokaa.

Waliotutangulia walipita wapi? Ilhan Omar, ambaye utotoni alipitia kambi ya wakimbizi Kenya, aliingia Wawakilishi 2016 kwa kiti cha 60B, akakaa muhula mmoja tu wa miaka miwili, 2018 akaenda Congress, yaani bunge la taifa. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda 38A mwaka 2024, na siku hiyo nusu ya Brooklyn Park ilikuwa inapiga vigelegele kwa Ekegusii. Upande wa Seneti Omar Fateh aliingia 2020, kumbuka hiyo ndiyo ile ya muhula mfupi kwa hiyo 2022 alirudi tena debeni, na mwaka huo huo wa 2022 ndipo wanawake Weusi wa kwanza kabisa waliingia Seneti, watatu kwa pamoja, Zaynab Mohamed, Clare Oumou Verbeten na Erin Maye Quade. Kwa hiyo kuanzia Seneti moja kwa moja inawezekana, Zaynab alikuwa na miaka 25, lakini hao walikuwa wameshafanya kazi za kupanga watu na kampeni za wengine kwa muda, hawakutoka shifti ya usiku wakaingia.

Haya, binamu wa Houston. Kila nilichosema hapo juu kigeuze. Texas ina Wawakilishi 150 na maseneta 31 tu, na watu zaidi ya milioni 29 kwa sensa ya 2020, kwa hiyo mwakilishi mmoja ana kama watu 194,000 na seneta kama 940,000, huyo seneta wa jimbo ana watu wengi kuliko mbunge wa Congress wa Texas hiyo hiyo! Seneti unahitaji uwe na miaka 26 na umeishi Texas miaka mitano, Wawakilishi ni 21 na miaka miwili, na kwenye eneo lako mwaka mmoja kwa wote. Fomu dola 1,250 kwa Seneti, 750 kwa Wawakilishi, inafungwa Desemba na mchujo ni Machi, yaani mwenzetu wa Minnesota akiwa bado anatafuta koti la kokasi wewe umeshachelewa. Maseneta wanapokezana, baada ya 2022 walipiga bahati nasibu, 15 wakarudi 2024 na 16 zamu yao ni 2026. Bunge linakaa mwaka wa witiri peke yake, siku 140 mfululizo, na mshahara ni dola 600 kwa mwezi. Mia sita. Wenye biashara zao na mawakili ndio wanaoweza, mfanyakazi wa kulipwa kwa saa ajipange vizuri sana. Binamu mimi nilimwambia Seneti ya Texas asahau kwa sasa, hata Wawakilishi huko ni mlima, aanze na bodi ya shule.

Wengine wataniuliza majimbo mengine. Kama uko New Hampshire una bahati ya ajabu, kuna viti 400 vya Wawakilishi, mtu mmoja kwa kila watu 3,400 hivi, ila mshahara ni dola 100 kwa mwaka tangu karne ya 19, hiyo ni kazi ya kujitolea sema tu ina kitambulisho. Na Nebraska swali la Seneti au Wawakilishi halipo, tangu 1937 wana bunge moja tu, watu 49 wote wanaitwa maseneta, kwenye karatasi ya kura hakuna chama. Shemeji alitaka kuhamia huko kwa sababu ya hilo jina tu, nikamwambia dola 12,000 kwa mwaka akaacha.

Kwa hivyo mimi, kwa Minnesota, nampa Wawakilishi mtu yeyote anayeanza, mwenye kazi, mwenye jamii iliyokusanyika sehemu moja, kwa sababu nusu ya milango, nusu ya wajumbe, na nafasi ya kurudi baada ya miaka miwili. Seneti nampa mtu ambaye jina lake linajulikana A na B, au ambaye mwakilishi wake wa sasa ni mtu mzuri hana sababu ya kumgusa lakini seneta anastaafu, maana kiti kisicho na mwenyewe ni bora kuliko cheo chochote. Hata mimi nikiambiwa kuna kiti wazi cha Seneti mwaka wa muhula mrefu na upande wa A una mtu anayependwa, nitageuza maneno yangu bila aibu.

Kuna kitu kimoja lakini kwa sisi tunaopanga nyumba. Eneo la Seneti ni kubwa, ukihama kutoka apatimenti moja hadi nyingine ng'ambo ya barabara uwezekano ni mkubwa bado uko ndani. Ila ukitoka A ukaingia B ndani ya ile miezi sita, kugombea Wawakilishi upande wowote kumeisha, huku kwa Seneti hakuna lililobadilika. Na wanafuatilia kweli. Kile kiti cha 40B kule Roseville mwaka 2024 kilishindwa kwa tofauti kubwa kabisa, wapinzani wakaenda kortini wakisema mshindi hakai kwenye ile apatimenti aliyopanga, jaji akakubali, mshindi akakaa pembeni kabla hata ya kuapa, na ndio sare ya 67 kwa 67 ikawa 67 kwa 66 hadi uchaguzi mdogo wa Machi. Shemeji mkataba wake wa nyumba unaisha mwezi wa saba na alikuwa ameshaona kwingine, vyumba vitatu, bei nafuu. Tumefungua ramani pamoja jana usiku. Hiyo nyumba iko B.